Mapigo ya elektroni: mwongozo kamili wa kukokotoa tabaka la 2D lenye spini-obiti ndani ya uga wa sumaku, kwa laptopu yako tu

Ninapokaa huku Sakina kuna mashine mbili za kusaga zimepakana ukuta, na jioni zikiwashwa zote mbili husikii ngurumo moja iliyonyooka, unasikia wuuu… wuuu… wuuu, sauti inapanda, inazama, inapanda tena. Mota moja inazunguka kasi kidogo kuliko mwenzake, basi ngurumo zikikutana kuna muda zinasaidiana na kuna muda zinauana. Ukihesabu ni mara ngapi sauti inazama kwa dakika unajua tofauti ya mota mbili hizo bila kuzigusa.

Sasa somo la leo ni hilohilo, ila mota ni elektroni. Ukichukua tabaka jembamba sana la semikondakta, ukalipoza, ukalipitishia karenti na ukasimamisha uga wa sumaku juu yake, ukinzani wake unapanda na kushuka kadri unavyobadilisha sumaku, na kama kuna mfungamano wa spini (kijisumaku kidogo ambacho kila elektroni inabeba) na obiti (mwendo wake), elektroni zinagawanyika makundi mawili yenye mizunguko inayokaribiana, unapata mapigo kama ya zile mashine. Pale mapigo yanapokufa panaitwa nodi, na ukijua nodi ziko wapi unajua nguvu ya spini-obiti. Inaonekana rahisi eti? Mimi ilinipotezea wiki mbili, nikapata jibu 4.5 mahali panapotakiwa 10, kwa sababu nilitumia fomula fupi ambayo watu wanaipenda bila kuikagua. Huu mwongozo nauandika ili wewe usipite huko.

Unachohitaji

Laptopu yoyote, hata ya RAM 4, yenye Python na vifurushi vitatu: numpy, scipy na matplotlib. Huna laptopu, Pydroid 3 kwenye simu ya Android inafanya kazi, ila utasubiri zaidi na vidole vitauma. Pakua kila kitu siku moja ukiwa na bando, baada ya hapo huhitaji intaneti kabisa. Jaza chaji, na seivu kila baada ya mistari kumi, umeme ukikatika katikati ya hesabu hakuna wa kukulipa.

Sumaku huhitaji. Fungua tu ile apu ya dira kwenye simu inayoonyesha namba za uga, hapa Arusha utaona mikrotesla 30 na kidogo, huo ndio uga wa dunia, na sisi tutacheza na tesla 1, yaani mara elfu thelathini hivi ya huo. Na baridi yake ni nyuzi chache tu juu ya sifuri kabisa, inayopatikana kwa hiliamu ya majimaji. Najua utaniambia hiliamu si ilitangazwa Rukwa tangu 2016, sawa, lakini kutoka gesi ya ardhini mpaka jokofu la fizikia ni safari nyingine, sisi leo tunakokotoa.

Hatua ya 1: elewa kwanza elektroni inafanya nini

Elektroni ikiwa ndani ya uga uliosimama wima juu ya tabaka inapindishwa muda wote, kwahiyo inazunguka kama kifodi kilichoingia kipilefti cha Mnara wa Saa na dereva akakataa kutoka. Ukiongeza uga duara linabana. Lakini elektroni hairuhusiwi kuzunguka kwa nishati yoyote inayotaka, kuna ngazi maalum tu, zinaitwa ngazi za Landau, jamaa alizionyesha 1930, mwaka uleule ambao Shubnikov na de Haas waliona ukinzani wa bismathi unapanda na kushuka kwenye uga mkali. Umbali kati ya ngazi na ngazi unaandikwa ħω_c na unakua sawasawa na uga. Ukiongeza uga ngazi zinapanda, kila moja ikipita kwenye usawa wa juu wa elektroni, ule unaoitwa nishati ya Fermi, ukinzani unaruka. Ndio mawimbi yenyewe.

Sasa spini. Kwenye tabaka ambalo upande wa juu na wa chini havifanani kuna uga wa umeme unaosukuma wima, na elektroni inayokimbia ndani ya uga wa umeme inauona kama una usumaku ndani yake, kwahiyo spini yake inashikwa na mwelekeo wa safari yake. Hiyo ni Rashba, fomula ya 2D waliitoa Bychkov na Rashba mwaka 1984, na nguvu yake inaitwa alfa. Kitu cha kushika hapa: elektroni inavyokimbia zaidi ndivyo inavyogawanyika zaidi. Iliyo chini kabisa, inayojikokota, Rashba inaigusa kidogo tu. Hii sentensi itatuokoa huko mbele.

Hatua ya 2: chagua vipimo na usivibadilishe

Nishati kwa milielektrovolti, urefu kwa nanomita, uga kwa tesla. Basi. Watu wengi ninaowasaidia hawakosei fizikia, wanakosea kuchanganya mita na sentimita, na makosa ya mara elfu kumi hayaoneki kwa macho. Namba za kubandika ukutani:

- ħω_c = 0.11577 × B ÷ m, ambapo B ni uga na m ni uzito wa elektroni kwenye hiyo mata ukilinganisha na elektroni huru
- nishati ya spini kwenye uga (Zeeman), iite Z = 0.05788 × g × B, ambapo g ni namba inayoonyesha spini inaitikia sumaku kiasi gani
- urefu wa sumaku l_B = 25.66 ÷ kipeuo cha B
- kila ngazi inabeba elektroni B ÷ 4135.7 kwa kila nanomita ya mraba

Mfano wetu ni indiamu arsenaidi, InAs, m ni 0.023, alfa tunaweka 10 (milielektrovolti mara nanomita), na elektroni 10¹² kwa sentimita ya mraba, ambayo kwa vipimo vyetu ni 0.01. Kwa hiyo kwenye tesla 1 ngazi zinaachana kwa 5.03, nishati ya Fermi iko kama 104, na duara la elektroni lina nusu kipenyo cha nanomita 165 hivi. Mgawanyiko wa Rashba bila sumaku yoyote ni 2 × alfa × k_F, na k_F, namba ya wimbi ya elektroni iliyo kwenye nishati ya Fermi, ni 0.2507, jibu 5.01. Ona bahati, 5.01 na 5.03 karibu sawa, nimechagua namba hivyo makusudi ili uone vita vyake.

Hatua ya 3: andika ngazi

Rashba inaunganisha ngazi mbilimbili tu, ngazi ya N ya spini moja na ya N−1 ya spini nyingine, kwahiyo ni matriki ya 2 kwa 2 na unaipasua kwa mkono. Hii hapa:

```
import numpy as np
from scipy.special import ndtr

def ngazi(B, alfa, g, m=0.023, Nmax=400):
    hwc = 0.11577*B/m
    Z = 0.05788*g*B
    lB = 25.66/np.sqrt(B)
    N = np.arange(1, Nmax)
    mzizi = np.sqrt(((hwc-Z)/2)**2 + 2*N*(alfa/lB)**2)
    return np.concatenate(([(hwc-Z)/2], hwc*N+mzizi, hwc*N-mzizi))
```

Ngazi ya kwanza kabisa, ya N sifuri, haina mwenza, ndio maana imekaa peke yake. Ukiisahau elektroni zako zitapungua na hutojua kwanini.

Jaribu kabla hujaendelea. Weka B=1, alfa=0, g=0, zipange kuanzia ndogo, lazima upate 2.517 mara mbili, 7.55 mara mbili, na kuendelea, zote pacha. Hujapata, simama hapohapo, usiende hatua ya nne kwa matumaini.

Sasa weka alfa=10. Angalia chini: pacha wa kwanza wamekuwa 2.457 na 2.517, wameachana kwa 0.06, hata hujali. Kisha panda mpaka karibu na 104: pale kuna 102.14 na 104.19, wameachana kwa 2.05! Alfa ileile, sumaku ileile, ila wa juu wamegawanyika zaidi ya mara thelathini. Hiyo ndio ile sentensi niliyokwambia uishike. Zichapishe hizo namba kwenye skrini uzione mwenyewe kabla ya grafu, mimi nilirukia grafu, matokeo yake nimeshayasema.

Hatua ya 4: geuza ngazi kuwa kitu kinachopimika

Kwenye sampuli halisi ngazi sio mstari mwembamba, uchafu na vizuizi vinaitanua. Tunaipa kila ngazi umbo la kengele ya Gauss yenye upana wa 0.5, halafu tunatafuta usawa wa Fermi ambao elektroni zote zinaenea, kisha tunauliza pale kwenye usawa huo kuna nafasi ngapi. Nafasi zikiwa nyingi elektroni ina pa kurushwa ikigongwa, zikiwa chache haina. Kwa makadirio ya kazi ya kawaida ukinzani wa mbele unafuata mraba wa hizo nafasi, inatosha kwa kutafuta nodi.

```
def nafasi(B, alfa, g, n=0.01, upana=0.5):
    E = ngazi(B, alfa, g)
    deg = B/4135.7
    chini, juu = 0.0, 300.0
    for i in range(50):
        kati = (chini+juu)/2
        idadi = deg*np.sum(ndtr((kati-E)/upana))
        if idadi < n:
            chini = kati
        else:
            juu = kati
    kengele = np.exp(-((kati-E)/upana)**2/2)
    return deg*np.sum(kengele)/(upana*np.sqrt(2*np.pi))
```

Kile kitanzi cha mara 50 kinafanya kama mtu anayekisia bei sokoni Kilombero, anakata katikati, juu mno, anashusha, chini mno, anapandisha, mpaka wanakubaliana. Wengine wanagandisha nishati ya Fermi wanaruka hii hatua. Kwenye uga mdogo hutaona tofauti, kwenye uga mkubwa utaona, na sampuli nyingi zinalinda idadi ya elektroni, sio nishati, kwahiyo fanya hivi.

Jaribio: nafasi(0.1, 10, 0) lazima ikupe kama 0.000096. Hiyo ndio thamani ya tabaka lisilo na sumaku, kwenye uga mdogo hivyo ngazi zimemezana kabisa.

Hatua ya 5: chora, lakini dhidi ya 1/B

Chora dhidi ya B mawimbi yatabanana kushoto na kutanuka kulia, hutaelewa kitu. Chora dhidi ya 1 kugawa kwa B:

```
x = np.linspace(0.2, 4, 3000)
y = [nafasi(1/k, 10, 0) for k in x]
import matplotlib.pyplot as plt
plt.plot(x, y)
plt.show()
```

Sekunde kadhaa, kwenye laptopu ya zamani nenda kachemshe chai. Ukirudi utaona mawimbi ya haraka yenye masafa ya tesla 20.7 hivi, na juu yake kile kifuniko kinachopanda na kuzama. Toa wastani, vuta karibu, tafuta panapozama.

Hatua ya 6: nodi, na hapa ndio penye mtego

Fomula fupi inayozunguka inasema hivi: makundi mawili yana masafa mawili, tofauti yake iite Δf, kwetu ni tesla 0.996, na mapigo yanakufa pale Δf/B inapokuwa 0.5, 1.5, 2.5. Ukipiga hesabu unapata nodi kwenye tesla 1.99, 0.66, 0.40. Safi, inapendeza, wala sio kweli.

Mdogo wangu mmoja yuko Moshi, Majengo, anasoma fizikia, alinitumia picha ya grafu yake saa tano usiku. "Kaka shikamoo, nodi yangu ya tesla 2 haionekani, nimetafuta toka jana, nimekosea wapi?" Nikamjibu marahaba, hujakosea, haipo. Akadhani namtania.

Haipo kwa sababu ngazi hazigawanyiki kwa Rashba peke yake, zinagawanyika kwa kipeuo cha jumla ya miraba: mraba wa ħω_c−Z, ujumlishe mraba wa mgawanyiko wa Rashba. Rudi uangalie ile "mzizi" kwenye skripti, ndio hiyo. Gawa vyote kwa ħω_c, nodi inatokea pale

kipeuo cha [ (1−z)² + (Δf/B)² ] = 1.5, 2.5, 3.5…

ambapo z ni Z kugawa kwa ħω_c, ambayo ni sawa na g × m ÷ 2. Kwa g sifuri upande wa kushoto hauwezi kushuka chini ya 1, kwahiyo 0.5 haifikiki hata ukalie. Nodi za kweli ziko tesla 0.89, 0.435, 0.297. Linganisha na grafu yako, zinakaa palepale.

Sasa ona kosa langu lilivyokuwa. Niliona nodi ya mwisho upande wa uga mkubwa iko 0.89, nikaiita "ya kwanza", nikaipa 0.5, nikapata Δf ya 0.445 na alfa ya 4.5. Ukishtuka ukaipa 1.5 unapata alfa 13.4, umevuka upande wa pili. Hakuna namna ya kuhesabu ukapata 10 kwa fomula fupi kwenye nodi hiyo. Ukishuka kwenye uga mdogo, Δf/B inakuwa kubwa, ile 1 inamezwa, fomula fupi inaanza kusema ukweli: nodi ya 0.297 ukiipa 3.5 unapata 1.04, umekosea asilimia nne tu. Shida ni kwamba kwenye uga mdogo ndiko mawimbi yanakuwa dhaifu, kwahiyo watu wanapima nodi za uga mkubwa zinazoonekana vizuri na kuzisoma kwa fomula inayofanya kazi kwenye uga mdogo.

Kitu kingine kilichonisumbua: kwenye nodi ya 0.89 sio kimya. Utaona mawimbi madogo yamebanana mara mbili ya kawaida. Usifute, usilaumu skripti. Wimbi kuu limekufa, lakini lile la pili, lenye kasi maradufu, halifi mahali hapo, na kwenye uga mkubwa kiasi hicho bado lina nguvu. Ukiyaona kwenye data halisi furahi, ni ushahidi kwamba hapo ni nodi kweli. Kwenye 0.435 wimbi la pili limeshachoka, pale kimya ni kimya.

Njia sahihi basi: soma nodi B₁, B₂, B₃, kila moja ipe s yake 1.5, 2.5, 3.5, kokotoa kipeuo cha s² − (1−z)², chora hiyo dhidi ya 1/B, mstari lazima upite sifuri, mteremko ni Δf. Usipopita sifuri umehesabu s vibaya au g yako sio. Mwisho alfa = Δf × (0.11577 ÷ m) ÷ (2 × k_F).

Kuhusu g: InAs nene ina g ya −15 hivi, ila kwenye tabaka jembamba inabadilika. Ukiweka −15 nodi ya uga mkubwa inahamia 1.06, ukiweka +15 inakuja 0.80, wakati ile ya 0.297 inatikisika kidogo tu, 0.302 au 0.293. Kwahiyo nodi za uga mdogo zinakupa alfa, ya uga mkubwa inakupa g. Mpangilio huo ndio ninaoutumia mimi, alfa kwanza kutoka uga mdogo, halafu g kutoka uga mkubwa.

Hatua ya 7: FFT, kwa tahadhari

Kila mtu anakimbilia FFT, ile hesabu ya kupasua wimbi kuwa masafa yake, anaona vilele viwili, anatoa. Kwa mfano wetu vilele vinatakiwa 20.18 na 21.18. Lakini ukikata data kuanzia tesla 0.5 mpaka 5, dirisha lako la 1/B lina urefu wa 1.8 tu, vilele havitenganishiki chini ya 0.56, na ukiweka kifuniko cha kulainisha kingo vinaungana kuwa kilima kimoja chenye mabega. Baya zaidi, kwa sababu ya kile kipeuo, kwenye tesla 1 mapigo yanakwenda kwa asilimia 71 tu ya Δf, kwahiyo FFT ya uga mkubwa inakupa alfa ndogo kuliko ya kweli na inakupa kwa kujiamini kabisa. FFT mimi naitumia kwa kitu kimoja, kupata idadi ya elektroni. Jumla ya masafa mawili mara 2.418×10¹⁰ inatoa elektroni kwa sentimita ya mraba.

Hatua ya 8: ukipewa data halisi

Watafiti wengi siku hizi wanaweka data zao wazi, tafuta kwenye tovuti ya Zenodo, pakua, cheza. Mpangilio wa kawaida ni kipande chenye miguu sita: karenti inaingia mguu wa mwisho huu na kutokea ule, voltiji ya mbele inapimwa kati ya miguu miwili ya upande mmoja, ya Hall, ile inayotokea kando kwa sababu sumaku inapindisha elektroni, inapimwa kukatisha. Karenti inakuwa ndogo sana, nanoampea 100 hivi, ya kubadilika kwa masafa kama hetsi 13 au 17 ili isigongane na hetsi 50 za umeme wa ukutani.

Miguu haikai sawasawa kamwe, kwahiyo ukinzani wa mbele unavuja kwenye Hall. Dawa ni kupima B chanya na B hasi, kwa Hall unatoa na kugawa mbili, kwa ya mbele unajumlisha na kugawa mbili. Halafu mteremko wa Hall: kwa elektroni 10¹² ni oumu 624 kwa tesla. Idadi ya Hall na idadi ya FFT zikitofautiana sana, kuna tabaka la pili linabeba karenti kimya kimya.

Na hapo kuna mwizi mwingine wa mapigo. Elektroni zikijaa mpaka ngazi ya pili ya tabaka lenyewe, au sampuli ikiwa na msongamano usio sawa upande na upande, nayo inatoa mapigo yanayofanana na ya Rashba ukiangalia haraka haraka. Inua sampuli pembeni ndani ya sumaku. Mzunguko unasikia kipande cha uga kilichosimama wima tu, Zeeman inasikia uga mzima, kwahiyo chora kila kitu dhidi ya kile kipande cha wima: nodi za spini zitahama, za ngazi ya pili hazihami hivyo. Kama sampuli ina geti, yaani bamba la juu linalobadilisha uga wa umeme ndani ya tabaka, badilisha voltiji ya geti uone nodi zinavyotembea, hicho ndicho kundi la Nitta lilionyesha 1997 kwenye InGaAs, kwamba alfa inasogezwa na geti.

Joto nalo ni rahisi, zidisha mawimbi kwa X/sinh X, X = 2π²kT/ħω_c, k ni namba ya Boltzmann na T ni joto. Kwa kelvini 1.5 na tesla 1 X ni 0.51, mawimbi yanapungua kidogo tu. Kwa joto la chumbani X inazidi 100, mawimbi yanakuwa sifuri kabisa, ndio maana hata ungekuwa na ile sumaku huku Sakina usingeona kitu.

Karibu na B sifuri kabisa, militesla chache, unaweza kuona ukinzani una kibonde chembamba kisha unapanda. Hicho sio ngazi za Landau, ni elektroni inajikuta na mawimbi yake yenyewe na spini-obiti inageuza alama. Fomula yake ni ya Hikami, Larkin na Nagaoka, 1980. Inafaa sampuli chafu, ambazo nodi hazionekani. Kwa sampuli safi kama yetu masharti yake hayatimii, usiilazimishe.

Hatua ya 9: ukitaka kuona elektroni zinapita wapi

Ngazi hazikwambii karenti inapita pembeni au katikati. Kwa hilo unagawa tabaka kuwa vidoti kama vya shuka la kimasai, elektroni inaruka doti kwa doti, na sumaku unaiweka kama fazi kwenye kila mruko. Kuna kifurushi cha bure cha Python kinaitwa Kwant kinafanya kazi hii. Namba za kuanzia: vidoti viachane nanomita 2.5, nguvu ya mruko inakuwa 265, Rashba kwenye mruko ni alfa ÷ 5 yaani 2, fazi kwa tesla 1 ni redi 0.0095. Usiachanishe kwa 5 ili kuokoa RAM kama nilivyojaribu, nguvu ya mruko inashuka hadi 66, nishati yako ya 104 imeizidi, na hiyo sio InAs tena, ni mata yako mwenyewe uliyoibuni. Upana wa kipande uzidi kipenyo cha duara, kwa tesla 1 ni nanomita 330, sawa na vidoti 132, weka 200 ulale salama. RAM 4 inatosha kwa upana huo, urefu usiwe na tamaa.

Grafini na ndugu zake

Skripti hii ni ya elektroni yenye uzito. Grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, ile ya Geim na Novoselov ya 2004 waliyoibandua kwa selotepu, elektroni zake zinaenda kama hazina uzito, kwahiyo ngazi ni 36.3 × kipeuo cha (B × n), hapa n ni namba ya ngazi, zinabanana kadri unavyopanda. Spini-obiti yake yenyewe ni ndogo mno, makumi ya mikroelektrovolti, watu wanaiazima kwa kuilaza juu ya WSe₂ (tungsteni diselenaidi), ambayo bendi yake ya chini imegawanyika kwa karibu milielektrovolti 450. Badilisha fanksheni ya ngazi, mtindo wa hatua ya 4 na 5 ni uleule, lakini fomula za nodi na masafa za hatua ya 6 na 7 ni za InAs, usizihamishe. Kumbuka kuzidisha deg (sio nishati) kwa 4 kabla hujaweka spini-obiti, ongeza ngazi hasi, na ukihesabu elektroni usizihesabu zile za ngazi hasi zilizojaa tayari. Jaribio lake ni moja: ngazi ya sifuri ya grafini tupu inakaa kwenye sifuri hata upandishe B mpaka 10. Ya kwako ikianza kupanda, umesahau kufuta ile nusu ya ħω_c ya InAs.